Hesabu ya Vidaka

Alfajiri wameshafika.
Sisikii mguu. Nasikia vidaka:
to, to, to, juu ya makuti makavu,
kama mtu anayenihesabia deni.

Minazi hii aliipanda mama, hapa Pete,
ukingoni mwa msitu wa Jozani,
kila shimo akalitia chumvi na bismillahi.
Kidaka hakijawa kitale,
kitale hakijawa dafu,
dafu halijawa koroma,
koroma halijawa nazi,
na nazi haijawa viatu vya skuli vya Riziki,
mkono mweusi umeshafika juu.
Kung'ata kimoja, kutupa. Kung'ata cha pili.
Nywele nyeupe zimewasimama utosini
kama bibi aliyeamshwa usiku kwa habari mbaya.

Wazee wetu waliwaita kima punju. Punju, sumu.
Mti waliokalia, walisema, hauzai tena.
Kwenye ubao wa lango la msitu wana jina jingine,
refu, nusu yake silijui kulisoma,
na chini yake bei ya kuwatazama.

Simai, mdogo wangu, tumbo moja,
huvaa shati la kijani lenye nembo mfukoni.
Huwaambia wageni kwa sauti ya msikitini:
msiguse, msipige kelele,
hawa hawapatikani pengine duniani.
Jioni huniletea nusu nguru kwenye mfuko.
Napika. Sisemi.
Kima wanamlisha Simai,
mimi nawalisha kima.
Sasa huyu nguru, nani kamlipia?

Mwaka juzi alikuja kijana wa chuo, Faki, Mpemba,
akakaa wiki tatu chini ya minazi yangu
na daftari na kidude cha chuma cha kubonyeza.
Kidaka to, kidude ka.
Siku ya kuaga akanambia:
Bi Kazija, mnazi wenyewe huangusha vidaka,
kima awepo asiwepo.
Wanachokula ni kile ambacho mti ungekitupa.
Nikamwambia: mwanangu,
mti ukitupa, umetupa kwangu.
Akacheka, akaandika.
Sijui aliandika nini.

Mwezi wa tatu nilichoma makaa
ya mwembe uliong'olewa na upepo.
Nafukua tanuri, akashuka jike,
mtoto kamng'ang'ania tumboni.
Nikashika fimbo.
Minazi hakuitazama.
Aliokota kaa moja, akalivunja kwa meno,
akala taratibu, macho kwangu,
weusi juu ya weusi wa midomo.
Simai anasema ni tumbo:
majani ya mwembe na ya mkungu huwachoma,
makaa huwatuliza.
Kumbe punju naye ana punju yake.
Mimi vidonda vya tumbo mwaka wa sita,
dawa nachukua zahanati,
na zahanati, usinikumbushe, Simai,
najua ilipauliwa kwa pesa za lango.

Ijumaa moja gari la hoteli
lilimkuta barabarani, kabla ya tuta la kwanza.
Sikuuliza kama ni yule. Wote wana uso mmoja.
Jirani yangu Vuai alisema, kapungua mmoja.
Simai hakuja na samaki usiku ule,
alikaa barazani na shati lake la kijani
kama mtu aliyefiwa na asiye na pa kupeleka tanga.

Siku nne kundi halikuvuka kuja kwetu.
Siku nne nililala mpaka jua.
Ya tano niliamka kwa sauti:
to.
Nikatoka na fimbo, nikainua kichwa.
Makuti, mbingu, hakuna mkia.
To, to.
Nikaviokota kwenye kanga, nikavihesabu.
Kumi na saba, vizima, bila alama ya jino.

Simai sikumwambia.
Faki simu yake ninayo, sikumpigia.
Jioni nikamwaga makaa juu ya jiwe, pale nyuma ya banda.
Mtu asije akasema nimewasamehe.
Yalikuwa chenga tu,
hayauziki.